Makoti Ndani ya Nyumba ya Makari

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo sijawahi kukusimulia kwa aibu. Leo nitaisema kwa sababu umeniudhi. Usinikatize. Ni siku tuliyomzika Makari, huku huku Uswidi, kule Spånga, mtoto wake wa miaka tisa aliponiuliza swali nikakosa pa kuuweka uso wangu.

Makari hukumjua kwa akili zako. Alikuwa seremala. Tulifanya kazi pamoja Jordbro, kwenye karakana ya milango: yeye anachonga na kutia bawaba, mimi napaka rangi. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, mwembamba, usicheke, na ulimi kama wembe. Makari alikuwa Mwalutiiq. Hao ni wenyeji wa visiwa vya Alaska, kule Amerika inakoishia kwenye baridi, wavuvi tangu na tangu. Alikuja Uswidi kumfuata mkewe, Kerstin, kama mimi nilivyomfuata baba yako. Ikifika saa tisa na nusu anaweka randa chini, hata mlango uwe nusu, anakwenda kuwachukua binti zake shuleni. Msimamizi akinuna, yeye husema tu, "Mlango utanisubiri. Watoto hawasubiri."

Basi bibi yako, mama yangu, akafariki kule kwetu Voi. Mimi nina mimba ya miezi minane, na mimba yenyewe ni wewe, siruhusiwi kupanda ndege. Nikajifungia humu humu Norsborg nikalia. Siku ya pili nasikia hodi: Makari, Kerstin na wasichana wao wawili, na sufuria ya supu ya samaki imefungwa kwa taulo. Hakupiga simu. Hakuuliza kama nina nafasi. Aliketi. Nilipomwuliza nani kamwita, akanishangaa. "Kwetu mtu akifiwa huitwi. Unakwenda na samaki."

Kisha akaniuliza arobaini ya mama itakuwa lini. Nilishtuka! Mtu wa kwenye theluji anajua arobaini? Akaniambia kanisa lao la Kiorthodoksi kule visiwani nalo humwombea marehemu siku ya arobaini, watu wakala pamoja. Alipoondoka aliuacha mlango wangu wazi kidogo. Alisema mama yake alifanya hivyo nyumba ikiwa na msiba, ili anayekuja asisite. Na siku ya arobaini alirudi, wewe umeshazaliwa, na sufuria ile ile.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na moja, Jumatatu tulicheka mpaka machozi kwa sababu nimempakia mteja mlango wa kijani badala ya kijivu. Jumanne asubuhi msimamizi akatuambia tuzime mashine. Makari ameanguka kituo cha treni, moyo, amekwisha. Jana tu! Jana tulikuwa naye! Randa yake ilikuwa bado juu ya meza na maranda ya jana yamejikunja ndani yake. Brashi ilinidondoka.

Sasa sikiliza kosa langu. Nilifika nyumbani nikateleka sufuria motoni. Halafu nikauzima moto. Kwa nini? Kwa sababu nilijifanya mjuzi wa Uswidi. Ni mimi niliyewafundisha wageni wote hapa Norsborg, Wakenya kwa Warundi: huku huendi kwa mtu bila kupiga simu, huku msiba ni wa familia, maziko ni baada ya wiki tatu au nne, na ukitakiwa utaletewa mwaliko. Nikatuma kadi yenye picha ya ua jeupe. Nikajiona mstaarabu.

Mwaliko ulikuja, tukazika siku ya ishirini na tano. Baada ya kanisa tukaketi ukumbini, kahawa na keki, kila mtu na kikombe chake. Ndipo yule binti mdogo, Anja, akaja akasimama mbele yangu. Akaniuliza kwa Kiswidi, bila hasira yoyote: "Kwa nini hukuja? Tulikaa na makoti ndani."

Sikuelewa. Kerstin ndiye aliyenieleza, macho makavu. Makari alikuwa amemwambia zamani: nikifa usifunge mlango, watu wa kazini watakuja, hasa yule mama mpaka rangi wa karakanani, maana kwao ni kama kwetu. Kerstin akauacha wazi. Novemba! Siku sita, mchana kutwa, upepo unaingia mpaka jikoni, mama na watoto wako mezani na makoti na kofia, vikombe vimepangwa. Siku ya saba akaufunga. "Nikadhani alikosea juu yenu," akasema.

Yalaa! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu aliyekuja kulia nami, mimi nimempelekea ua la karatasi. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyo mjukuu ninaye mpaka leo.

Arobaini ilipofika sikumpigia mtu simu. Nilikwenda Spånga na sufuria, baba yako amekubeba wewe, na majirani sita nyuma yetu. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikabisha. Kerstin akafungua, akanitazama, akaitazama sufuria.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa."

Hakunikumbatia. Alikwenda kabatini kutoa vikombe. Na Anja, alipoona watu wanaingia na mlango uko wazi, akamwuliza mama yake kama avae koti.

Sasa wewe. Mzee Salvatore, aliyekufundisha baiskeli, amefiwa na mkewe juzi. Nimekuuliza kama umekwenda, ukanijibu kwa Kiswidi kwamba umemtumia ujumbe, hutaki kumsumbua. Kumsumbua! Wembe ule ule ulionikata mimi.

Adabu za nchi hii zishike, kazini, ofisini, kwenye foleni. Lakini kwenye msiba usingoje mwaliko, maana aliyefiwa hana nguvu ya kualika. Ukiambiwa rudi kesho, utarudi kesho, hutakufa. Wala usiogope kukosa la kusema, Makari alikuja kwangu akanywa supu tu.

Vaa viatu. Sufuria iko mezani, nimeifunga taulo, na mzee yuko ghorofa mbili tu juu yetu. Mungu akupe maisha marefu na mikono yenye kazi, na siku ya kilio chako asikuache ukae na koti ndani ya nyumba yako.