Saini ya Katarina

Simu ilimkuta Katarina Tluway akipanda maharage shambani kwake Ganako, siku ya Jumatatu, mvua za Machi zikiwa ndiyo kwanza zimeanza. Alifuta udongo mkononi kwa kanga, akapokea.

"Mama Simon, Alhamisi tuna ugeni," ilisema sauti ya Modest, mratibu wa Mradi wa Urithi Hai. "Kamati ya Bunge. Wanakagua vikundi vyote vya utamaduni vilivyosaidiwa na serikali. Wataanzia Ngorongoro kwa wafugaji, halafu waje kwetu. Wanataka kuona kituo kikifanya kazi."

Katarina alisema sawa. Simu ilipokatika alikaa chini kwenye tuta alilokuwa amelipanda sasa hivi.

Kituo hakikuwa kikifanya kazi. Hakijawahi kufanya kazi hata siku moja.

Miaka kumi na minne Katarina alifua mashuka katika hoteli moja ya watalii nje ya mji wa Karatu. Vitanda vya hoteli ile vilitandikwa vitambaa vyenye michoro ya Kiiraqw, iliyochapwa kiwandani huko mbali. Alivifua na kuvipiga pasi mpaka akaijua ile michoro kwa kichwa, na siku moja akagundua kwamba hajui maana ya hata mmoja. Korona ilipokuja hoteli ikafungwa, wakarudishwa nyumbani. Wenzake walikwenda kulima vitunguu Mang'ola. Yeye alikwenda kwa Aama Evarista. Aama ndilo neno la Wairaqw la kumwita bibi, na Evarista alikuwa bibi wa kitongoji kizima, mwanamke pekee aliyebaki pale anayejua kushona sketi ya ngozi ya shanga kama walivyovaa wasichana wa zamani.

"Vidole vyako vimezoea sabuni," bibi alimwambia siku ya kwanza. "Lakini kaa."

Alikaa. Baada ya mwaka walikuwa wanawake watano, baadaye tisa, pamoja na wasichana watatu waliomaliza kidato cha nne, Jackline akiwa mmoja wao. Habari zao zikafika mjini, na mradi ukaja. Ulikuja na mambo mengi mazuri, na jumba la kituo: la matofali, bati jekundu, sakafu ya saruji, kando ya barabara ya lami iendayo geti la Ngorongoro, ili watalii wasimame. Hakuna mtu aliyewauliza wanawake wangependa likae wapi. Aama Evarista alikuwa ameanguka na kuumia nyonga, hawezi kuteremka mpaka barabarani. Na ngozi inataka kukaa karibu na moto ili ilainike. Jumba lile halikuwa na jiko. Kwa hiyo waliendelea kushonea kwa bibi, na jumba likabaki limefungwa.

Kila mwisho wa mwezi Modest alileta fomu. Ilisema mafunzo yanafanyika kituoni mara nne kwa wiki. Mara nne ilikuwa kweli. Katarina, mwenyekiti wa kikundi, aliisoma, akasita kwenye lile neno "kituoni", akatia saini. Alikuwa ametia hivyo miezi kumi na tisa.

Jumanne Modest alifika na karatasi yenye maswali na majibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa Moshi aliyekonda kwa kukimbizana na ripoti, na siku hiyo jasho lilimtoka ingawa kulikuwa na baridi.

"Mhamishe vitu vyote kutoka kwa bibi. Ngozi, shanga, sindano. Akina mama wavae vizuri. Wakiulizwa, wanashonea hapa."

"Na bibi?"

"Bibi abaki nyumbani. Wazee husema chochote."

"Modest, hili jambo likijulikana?"

"Likijulikana, mama, mradi unafungwa wilaya nzima. Si wewe tu." Akamkabidhi ile karatasi. "Na saini ni yako, siyo yangu."

Jioni hiyo walikaa kula. Mumewe, Felisiani, alimtazama akizungusha tonge kwenye sahani, akamuuliza kama anaumwa. Alimweleza yote. Felisiani akasema kitu ambacho hakikumsaidia hata kidogo: "Ungenieleza mwaka jana."

Jumatano walikwenda kuchukua vitu. Aama Evarista alikuwa kwenye kigoda karibu na moto. Alisikiliza mpaka mwisho, miguu ameinyoosha.

"Ngozi chukueni," alisema. "Zitarudi kesho?"

"Zitarudi, Aama."

"Na nyie mtakaa kule mkijifanya mnashona?"

Blandina, katibu wa kikundi, alianza kufunga shanga kwenye kitambaa kwa haraka, kama mtu anayeiba. Alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa kwa Modest. Walipokuwa wakiteremka alimwambia Katarina, "Kesho usije ukaharibu. Jackline amekataa kazi ya dukani kwa sababu ya kikundi hiki. Mimi nimegombana na wakwe zangu kwa sababu yake. Jibu kama ilivyoandikwa, tumalize."

Alhamisi walikuwa jumbani saa nne asubuhi. Wageni walitarajiwa saa tano. Saa tano ikapita, saa saba ikapita. Kamati ilikuwa imechelewa kule juu Ngorongoro. Wanawake walikaa kwenye mikeka mipya, ngozi mapajani, wakiogopa hata kwenda chooni. Kila gari lilipopunguza mwendo barabarani, Katarina aliinua kichwa. Alirudia majibu moyoni mpaka maneno yakapoteza maana. Saa kumi kasoro, magari matano meupe yaliingia, na mvua ikaanza.

Waliingia watu kama kumi na wawili. Mwenyekiti wa kamati, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, alisalimia kila mmoja. Modest alieleza, akaonyesha picha ukutani. Wabunge walitikisa vichwa kukubali. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na Katarina akaanza kuvuta pumzi.

Kisha mbunge mmoja, mwanamke mnene aliyefunga kilemba cha kijani, akainama. Aliokota ngozi mapajani mwa Jackline, akainusa.

"Hii ina moshi," alisema. "Jiko liko wapi?"

Modest alikohoa. "Liko kwenye awamu ya pili, Mheshimiwa."

Mbunge alitazama sakafu, kona hadi kona. "Mama yangu alikuwa fundi wa ngozi. Nyumbani kwetu tulikanyaga vipande na uzi tangu asubuhi. Hapa ni safi kama zahanati." Akamgeukia Jackline, kwa upole tu. "Mwanangu, wewe huwa unakaa wapi ukishona?"

Jackline alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakumtazama Modest, alimtazama Katarina, na macho yake yalikuwa yakiomba aambiwe aseme nini.

Katarina anasema hakuamua. Anasema aliona tu kwamba yule msichana yuko karibu kusema uongo mbele ya Bunge, na kwamba aliyemfikisha pale ni yeye.

"Hakai hapa, Mheshimiwa," alisema. "Hatujawahi kushonea hapa."

Mvua ilisikika kwenye bati. Mwenyekiti wa kamati alifungua faili, akaligeuza upande wa Katarina.

"Saini hii ni ya nani, mama?"

"Ni yangu."

"Ulisoma kabla ya kusaini?"

Angeweza kusema hapana. Wengi wangemwamini, mama wa kijijini, darasa la saba.

"Nilisoma. Mafunzo yapo kweli, mara nne kwa wiki. Ila mahali nilijua si kweli, nikasaini. Niliogopa tukisema nyumba haitufai, tutanyang'anywa na mengine."

"Nani aliandika?"

Alimwona Modest kwa pembe ya jicho. "Aliyeandika mnaweza kumjua wenyewe. Aliyesaini ni mimi."

Wengi wa wajumbe walibaki wakipekua mafaili. Mbunge wa kilemba alitaka kuona mahali penyewe. Gari halikupanda kwa tope, wakatembea yeye, karani wa kamati na Katarina, viatu vikizama. Aama Evarista hakuinuka. Alimtazama mgeni, akamsalimu, akampa ncha ya uzi aishike huku yeye akiusokota. Mbunge aliishika zaidi ya nusu saa, akiuliza, na bibi akijibu kwa Kiiraqw, Katarina akitafsiri.

Baada ya hapo hakuna aliyewaambia lolote. Aprili yote, Mei yote. Modest hakupokea simu. Sokoni watu walisema Katarina atakamatwa, wengine wakasema ameuza kikundi. Wanawake wanne waliacha kuja. Blandina alikuja, lakini alikaa amempa mgongo. Kila namba ngeni ikiita, Katarina alitoka nje kwanza, akasimama ukutani, ndipo apokee.

Barua ilifika Juni, kupitia ofisi ya kata. Aliisoma mara tatu. Kamati ilikuwa imependekeza, na mradi umekubali, kwamba walimu wa ufundi wa asili wasaidiwe pale wanapofundishia, kuanzia na Evarista. Jumba litakabidhiwa kijiji, kijiji kiamue matumizi yake. Modest amehamishwa. Na aya ya mwisho: Katarina Tluway, kwa kuthibitisha taarifa zisizo sahihi, hataruhusiwa kuwa kiongozi wala kutia saini kwa niaba ya kikundi kwa miaka mitatu.

Alilia, na mpaka leo hawezi kusema kama ilikuwa ni aibu au ni mzigo kumtoka.

Wiki iliyofuata, nyumbani kwa Aama, walimchagua Blandina kuwa mwenyekiti. Wawili kati ya wale wanne walirudi. Blandina alipokwisha kusema kwamba hataki makofi, alimfuata Katarina alipokuwa amekaa nyuma, karibu na mlango.

"Bado nimekukasirikia," alimwambia.

"Najua."

"Sogea huku, basi. Hapo kuna upepo."

Katarina alisogea.