Piramidi Wakati wa Eda

Nilikuwa mwezi wa tatu wa eda ya kufiwa na mume, kijijini Likawage. Mwalimu wa hesabu mzima, siruhusiwi hata kufika shuleni.

Asubuhi moja binti wa jirani, mwanafunzi wa darasa la saba, aliniletea daftari. Piramidi yenye kitako cha mraba, upande sita, kimo nne. Tafuta eneo lote.

“Nimepata themanini na nne, mwalimu, nimekosa.”

“Nne ni kimo cha katikati. Ubavu umeinama, ni mrefu zaidi. Nusu ya upande ni tatu. Kwenye pembetatu mraba, tatu na nne zinakupa tano.”

Akakokotoa upya: kitako thelathini na sita, pembetatu nne sitini.

“Tisini na sita!”

Akakimbilia shule. Niliinuka nimfuate. Wifi yangu, aliyekuwa akinisimamia eda, akaniangalia tu, nikaketi.