Nicanor na Mkono wa Mama Wangeci

Ndugu yangu Nicanor hana maneno, na wasiomjua hudhani hana adabu. Mimi ndiye niliyemlea tangu Dani, bibi yetu mzaa baba, alipofariki kule Ugenya na kijana akaletwa kwangu Kambi Muru na begi moja na kikohozi. Kwa hiyo mtu akiniambia Nicanor hana adabu, namwambia akae chini kwanza, ndipo tuzungumze. Nina saluni hapa Kibera, na hasira zangu zinajulikana kuliko saluni yenyewe.

Nicanor anacheza raga. Pale chuoni anakosomea mambo ya stima wanamweka mstari wa mbele, mahali watu wanapogonganisha mabega, na wenzake wanamwita Lori. Chuo kilimchukua bila karo kwa sababu ya mabega hayo. Ukimsalimia asubuhi atakujibu "mh." Ukimuuliza kama ameshiba, "mh." Siku wakishindwa mechi, hata hiyo "mh" huipati. Kocha wake, Boaz, aliwahi kuniambia kwamba timu nzima inamwogopa mchezaji mmoja tu, na bahati nzuri yuko upande wao.

Kilichomlemea ni hesabu. Alianguka mtihani, akaambiwa akianguka tena nafasi yake chuoni imekwisha, raga au bila raga. Ndipo walimu wakampa Wangeci awe anamfunza baada ya masomo.

Wangeci alikuwa mwaka mmoja mbele yake, msichana mdogo wa mwili mwenye sauti ya kuomba radhi. Akigonga kiti, anakiambia pole. Nimemwona kwa macho yangu. Mama yake, Mumbi, ana ploti ya nyumba za kupangisha Kawangware na nyumba yake mwenyewe Riruta Satellite, na sisi tumekuwa wapangaji tangu tuujue mji huu. Nikamwonea msichana huruma. Nilidhani wiki ya kwanza haitaisha kabla hajarudi kwao akilia.

Hakulia. Alikuwa na ujanja wake. Hakumwuliza Nicanor kama ameelewa, kwa sababu jibu angelipata lilelile. Alikuwa akifanya hesabu na kuikosea makusudi, kisha anamsukumia karatasi na kumwambia, "Hapa nimeharibu mahali. Nisaidie kutafuta." Na Lori, ambaye hapendi kushindwa na kitu chochote, angekaa na hiyo karatasi mpaka alipate kosa, halafu ingembidi aeleze kosa ni lipi, na huwezi kueleza kosa la hesabu kwa "mh." Nilianza kusikia sentensi nzima hata nyumbani. Jioni moja aliniambia, bila kuulizwa, kwamba Wangeci hanywi chai yenye sukari. Nikaweka mwiko chini.

"Na wewe umejuaje?"

"Nimeona tu," akasema, akatoka nje.

Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimeanza kudhani tutazeeka sisi wawili humo ndani, yeye akinyamaza na mimi nikisema peke yangu. Niliogopa kwa sababu nilimjua. Kijana wa namna hiyo akipenda anapenda mzima mzima, na kusema hajui. Niliona wazi kwamba atampoteza yule msichana hivi hivi, kwa kunyamaza, na mimi ndiye nitakayebaki naye.

Basi maktaba ya chuo walimokuwa wakisomea ikafungwa, dari ilikuwa inavuja. Wangeci akamwambia wasomee kwao Satellite Jumamosi, mama yake hana neno. Nicanor alipiga pasi shati la kanisa mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata Krismasi. Akaenda. Aliporudi alikula ugali wote niliokuwa nimeusonga, akakwangua sufuria.

"Kwani huko hawakukupa chakula?" nikamuuliza.

"Walinipa."

"Ukakula?"

"Hapana."

Nikangoja anieleze. Nilingoja bure. Nikajiambia anaona haya ugenini, nikaacha. Lakini tangu siku hiyo hakuenda tena kufunzwa. Jioni alikuwa akikaa kitandani na karatasi za hesabu mapajani, hazigeuzi, na akitoka anatoka kwenda mazoezini tu. Boaz akanipigia simu kuniuliza kama tumefiwa.

Wangeci mwenyewe ndiye aliyenifungua macho. Alikuja saluni mchana mmoja, akasimama mlangoni.

"Sasa, Siz Eddah."

"Poa. Ingia basi, mbona unasimama hapo?"

"Si ati nakaa. Nataka tu kukuuliza kitu."

"Kwa saluni yangu watu hawaulizi kitu wakiwa wamesimama. Keti."

Akaketi. Nikamfungua kitambaa, nikachukua kitana na kuanza kumsuka bila kumuuliza mtindo. Mtu ukiwa umemshika kichwa hasemi uongo, na tena hawezi kuondoka.

"Ni Nicanor," akasema. "Siku alikuja kwetu, Mum alimpea mkono, akaficha yake nyuma. Kabisa. Mum akabaki na mkono hewani."

"Haya."

"Halafu akakaa karibu na mlango, ameangalia nje. Mum alikuwa amepika mukimo na kuku. Kuku mzima, aki. Hakugusa. Tukiwa tunasoma, Mum akiingia yeye anatoka. Mum akitoka anarudi. Mum amesema hizo ni mambo ya kabila, ati amekuja mpaka kwetu kutuonyesha dharau. Sasa mimi nikamwambia, kama huwezi salimia mamangu, siwezi kukufunza tena. Nilidhani atasema kitu. Hakusema." Akavuta taulo mabegani. "Mimi sijakasirika, Siz. Nataka tu kujua tulimkosea wapi."

Nikaona machozi yanaangukia taulo. Vidole vyangu vikasimama. Halafu nikaanza kucheka, na nilicheka vibaya, mpaka ikabidi nishike meza. Msichana wa watu alinitazama kwenye kioo kama aliyeingia saluni ya wazimu.

Ngoja nieleze. Vijana wengi wa kwetu hapa mjini hawana habari na mambo haya. Wanawasalimia mama wakwe zao, wanapiga nao picha, wanakumbatiana. Lakini Nicanor alilelewa na Dani, na kwa Dani mama mkwe, ambaye sisi tunamwita maro, ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humpi mkono. Humkodolei macho. Huketi karibu naye, na wewe mwanamume huli mbele yake, hata njaa ikuume vipi. Anayefanya hayo hana haya usoni. Dani alitufundisha tukiwa wadogo sana, na mimi niliyasahau nilipoanza kutafuta riziki. Nicanor hasahau kitu alichoambiwa na Dani.

"Wangeci," nikasema, "huyo mjinga hajamdharau mamako. Amemfanya maro."

"Maro ni nini?"

"Mama mkwe."

Nikaona shingo yake inabadilika rangi kutoka chini kwenda juu.

"Lakini hajawahi hata kuniambia ananipenda," akasema.

"Najua. Hapo ameruka."

"Si angeniambia tu."

"Angekuambia nini? Kwamba kwa kichwa chake mmeshaoana na bado hajakushika mkono? Huyo hata kuomba chumvi ni shida."

Akaanza kucheka huku analia, nami nilikuwa naona raha sana, mpaka nikakumbuka. Nicanor alikuwa amepita hapo saluni muda si mrefu kabla yake, amevaa lile shati la kanisa. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Satellite. Naenda kumsalimia yule mama." Alisema hivyo kwa uso wa mtu anayekwenda kuzika. Nami nilikuwa na mteja, nikamwambia haya.

Kicheko kikanikauka. Nikamweleza Wangeci.

"Si hiyo ni poa?" akauliza. "Akimsalimia, Mum atatulia, yaishe."

"Fikiria vizuri. Akimpa mkono, anasema huyo si maro wake. Ni mama wa mtu tu, hata wa jirani. Anajiondoa, Wangeci. Ameona afadhali akukose kuliko wewe ukosane na mamako kwa ajili yake."

Niliyasema hayo na roho ikaniuma, kwa sababu ndivyo Nicanor alivyo. Akiamua kitu kikubwa hakuiti mkutano.

Wangeci akasimama, kitana bado kiko kichwani.

"Nimesuka upande mmoja tu," nikamwambia.

"Wacha ikae."

Nikafunga saluni mchana kweupe, jambo ambalo wateja wangu hawajanisamehe, tukapanda boda moja sisi wawili. Upande wake mmoja umesukwa vizuri, ule mwingine unapepea. Kuanzia Kawangware kwenda juu watu walikuwa wakigeuka kutuangalia, na yeye, msichana anayeomba viti msamaha, hata hakuona. Alikuwa akimwambia mwenye boda aongeze mwendo.

Tulimkuta ameshafika. Alikuwa amesimama nje ya mlango, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na Mumbi alikuwa ametoka na sinia la maharagwe aliyokuwa akiyachagua. Mumbi ni mwanamke mrefu, wa maneno machache, na hakuwa na uso wa kumkaribisha mtu.

"Mama," Nicanor alikuwa akisema, "nimekuja kukusalimia. Ile siku nilikosa."

Akanyoosha mkono. Nimeuona mkono huo ukiwabwaga wanaume chini kama magunia. Mumbi aliutazama kwa muda. Nadhani alitaka kuukataa ili naye aonje, kisha huruma ikamwingia, maana aliweka sinia chini na kuanza kupangusa vidole kwa leso.

"Mum, usimshike," Wangeci akasema.

Hakupaza sauti, lakini ile sauti ya kuomba radhi sikuisikia. Mumbi alimgeukia binti yake, akamtazama juu mpaka chini.

"Wangeci, hiyo kichwa imefanyiwa nini?"

"Nitakuambia. Usimshike tu mkono, Mum, nakuomba." Halafu akamgeukia Nicanor. "Rudisha mkono."

"Si ulisema nimsalimie," Nicanor akasema.

"Nilisema nikiwa sijui. Eddah ameniambia."

Ndugu yangu alinitolea macho ya kuniua, kisha akakosa pa kuyaweka hayo macho, akayapeleka chini. Mkono bado ulikuwa umenyooka katikati yao wote, hauendi mbele wala haurudi nyuma.

"Ni ukweli?" Wangeci akamuuliza.

"Mh."

"Sema vizuri."

Nilimwona anavuta pumzi.

"Ni ukweli," akasema. "Tangu zile hesabu za kwanza."

"Basi rudisha mkono. Sitaki umsalimie mamangu. Leo sitaki, kesho sitaki, mpaka uzeeke sitaki."

Nicanor aliurudisha. Aliuficha nyuma, na ule mwingine pia, akasogea hatua kadhaa kutoka mlangoni na kugeuza uso ukutani, kama alivyofundishwa. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo.

"Kuna mtu ataniambia hapa kwangu kunaendelea nini?" Mumbi akauliza.

Nikamwambia mimi, kwa sababu wale wawili hawakuwa na faida yoyote wakati huo. Nilimweleza habari za Dani, za maro, za mkono na chakula. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hivyo ile siku alikuwa ananiheshimu," akasema.

"Sana, mama."

"Na kama angekuwa ananidharau, angekula kuku yangu."

"Yote angemaliza."

"Kwetu sisi mtu akikataa chakula yako, huyo amekutukana."

"Hakujua."

"Na mimi sikujua." Alimtazama Nicanor, yaani alitazama mgongo wake mpana, kisha akamtazama binti yake aliyekuwa amemshika Nicanor mkono wa shati. Hakusema anakubali, wala hakusema hakubali. Aliokota sinia lake, akaingia ndani na kufunga mlango.

Tukabaki pale nje. Nikaanza kupanga maneno ya kuwafariji njiani, nikakosa. Ndani tulisikia sufuria ikifunuliwa.

Mlango ukafunguka tena. Mumbi alitoka na sahani imejaa githeri mpaka inamwagika, akapita upande wa mbali na Nicanor bila kumtupia jicho, akaja kuiweka mikononi mwangu.

"Nyuma ya tangi ya maji kuna kiti," akaniambia. "Mimi huwa sifiki huko. Mpelekee akule, na umwambie akitaka ingine aseme. Nitakuwa nimeangalia upande ule mwingine."