CD ya Tatu

Mwaka wa 2004, hapa Machakos mjini, ukitaka sinema ya upelelezi ya Wakorea au Wajapani ulienda kwa Mbithi. Ukienda kwingine, shauri yako. Wenzake walikodisha ngumi na mateke tu. Yeye alikutazama usoni, akakuuliza wiki imekuwaje, kisha akachomoa kasha moja. "Chukua hii. Isipokupendeza, hunilipi." Tena alikuwa na msimamo: hatoi sinema ambayo hajaiona hadi mwisho.

Mteja ambaye Mbithi alimheshimu kuliko wote alikuwa Naimo, au Mama Warsan kwa jina la mwanawe. Mumewe, Korane, aliuawa pale Kyumbi, nje ya mji, akitoka kununua mbuzi, na kwa miaka mitatu polisi walimwambia neno lile lile, "Mama, bado tunatafuta." Kila Jumamosi Naimo alikuja na ombi moja. "Mbithi, nipe ile muuaji anashikwa." Akiona pingu zimefungwa, alisema, alipata usingizi siku mbili nzima. Mbithi hakuwahi kumwangusha.

Jumamosi hiyo kulikuwa na ya Kikorea, mpya, CD mbili. Mbithi aliimaliza ya kwanza, stima zikapotea mtaa mzima, na Naimo huyo mlangoni. Angemwambia tu arudi kesho! Lakini kiherehere, jamani. Juu ya kasha palikuwa na picha ya mpelelezi ameshika pingu, na hiyo ikamtosha.

"Mama Warsan, hii ni moto. Anashikwa. Wewe ngoja tu."

Jumatatu asubuhi Naimo alirudi, akaliweka kasha mezani.

"Hakushikwa," alisema. "Mpelelezi amezeeka, ameacha kazi, anauza samaki. Halafu majina ya waigizaji yakaanza kupanda."

Masikio ya Mbithi yaliwaka kwa aibu. "Pole, Mama. Ukweli ni kwamba mimi sikuimal—"

"Uliniambia ningoje, nikangoja. Wallahi sikuinuka hata kunywa maji." Alinyoosha mkono. "Sasa nipe CD ya tatu."

Hakukuwa na CD ya tatu. Ni maneno machache tu, mtu mzima angeyasema. Lakini ule mkono ulikuwa bado umenyooshwa, na Mbithi akashindwa kabisa. Aligeukia rafu, akaanza kupekua makasha aliyoyajua yote, moja baada ya jingine, macho yamemjaa machozi.

"Mama," akasema bila kugeuka, "bado natafuta."

Naimo akavuta stuli, akakaa kungoja.