Ahadi ya Mama Pasi

Mama yangu alikuwa fundi cherehani siku sita za wiki, na siku ya saba alikuwa wa kanisa. Nasema sita kwa heshima tu, maana hata hizo kanisa lilizimega. Vitambaa vya madhabahu alivifua yeye, akavitia wanga, akavipiga pasi ya mkaa hadi vikakaribia kusimama vyenyewe. Umeme ulikuwapo, na mimi mwanawe ni fundi umeme, lakini pasi ya umeme aliiona ya kivivu. Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi.

Ila kilichomtambulisha zaidi ni kwamba akisema, amesema. Akikuahidi gauni Ijumaa, Ijumaa unalo, hata kama anaumwa. Ahadi ni deni, alikuwa akituambia, na Mungu anazisikia hata zile unazotoa kwa utani.

Nikiwa na miaka ishirini na mbili nilifeli mtihani wa leseni ya ufundi. Jumapili ile, wakati wa maombi, mama alisimama akaliomba kanisa limkumbuke kitinda mimba wake, aliyefeli kwa mara ya pili. "Mara ya pili," akarudia, kwa ajili ya waliokaa nyuma. Binti niliyekuwa nikimtupia jicho alikuwa benchi la mbele yetu. Akageuka kunitazama.

Tulifika nyumbani nimefura.

"Mama, kuanzia leo usiniombee tena. Niahidi."

Alikuwa anavua viatu. Akanitazama, kiatu kimoja mkononi.

"Haya, mwanangu. Nakuahidi."

Sikukanyaga tena kanisani, naye hakuniuliza. Tulikula pamoja, tulicheka, nilimtengenezea nyaya, akanishonea mashati. Lakini neno la maombi halikumtoka mbele yangu kwa miaka ishirini na moja. Mwanzoni nilifurahi. Baadaye, nikiwa na watoto wangu mwenyewe, jambo hilo lilianza kuniuma, na kiburi kikanizuia kumwambia aivunje ile ahadi. Akafa hivyo hivyo. Nikabaki najiona mtoto pekee ambaye mama yake mcha Mungu hakumtaja mbele za Mungu, tena kwa kujitakia.

Wiki tatu baada ya mazishi nilipeleka vitambaa vya kanisa vilivyobaki kabatini mwake. Ilikuwa Alhamisi, siku ya akina mama kukutana ukumbini. Mwenyekiti wao, mkunga mstaafu, alinipokea mlangoni.

"Karibu, baba. Mgongo unaendeleaje?"

Nilishtuka. Mwaka jana nilianguka kutoka juu ya ngazi kazini, na niliyemwambia ni mama peke yake. Hata mke wangu nilimwambia nimechoka tu.

"Na yule mtoto wako wa pili, kikohozi kiliisha?" mwingine akadakia.

"Haya yote mmeyajuaje?"

"Tunakuombea kila Alhamisi," mkunga akasema, "tangu ulipofeli ule mtihani."

"Mara ya pili," ikaja sauti kutoka nyuma.

"Lakini mama aliniahidi kwamba hataniombea."

"Na hakukuombea. Alituambia, 'Mimi nimekatazwa, ninyi hamjakatazwa.' Alikuwa anatueleza shida zako zote, halafu anatoka, anakaa pale kibarazani mpaka tumalize. Aliogopa akibaki atajikuta ameitikia amina. Hata mvua inyeshe, yuko nje na mwavuli wake. Tulimwambia, dada, ingia, Mungu ataelewa. Akasema, 'Mungu ataelewa, lakini niliyemwahidi ni mwanangu.'"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakageuka machozi yenyewe. Wakaniletea kiti. Kifua changu kilikuwa chepesi, kama cha mtu aliyetuliwa gunia ambalo alishazoea kutembea nalo.

"Sasa tuendelee au tuache?" mkunga akauliza. "Tulikuwa tunangoja kukusikia mwenyewe."

"Endeleeni, mama zangu."

Nikatoka, nikakaa kibarazani, pale pale alipokuwa akikaa. Sauti zao zilipita dirishani, zikautaja mgongo wangu na kikohozi cha mwanangu bila kificho, kila mpita njia akisikia. Safari hii sikuona aibu. Walipomaliza nikaitikia amina kwa nguvu, ya kwangu pamoja na zote alizozibana yeye.