Nilivyoenda Homa Bay Kurudisha Nyumba Yangu

Safari hii niliifanya kwa sababu nyumba yangu ilihamishwa na hakuna mtu aliniuliza.

Haikuhamishwa kwa kweli, ilihamishwa kwa picha. Wacheni kucheka, nyinyi wajukuu, mnacheka kabla hadithi haijaiva.

Ilikuwa miaka ile ya sitini, Uhuru bado mpya. Tulikuwa tunakaa hapa hapa Karungu. Mzee wangu, babu yenu, alikuwa anauza ngozi ya ng'ombe kwa duka moja ya Wahindi kule Homa Bay. Mwenye duka alikuwa na ndugu yake, Devji, na huyo Devji duka hakuitaka hata kidogo. Yeye alitaka kuandika picha tu, na ile rangi ya mafuta inanuka kama taa imemwagika. Siku moja alikuja na gari ya ngozi, akaketi nje ya lango letu na kofia yake kubwa, akatazama boma yetu mpaka mbwa wakachoka kumbwekea. Mzee akamwambia, "Niandikie boma yangu, nitakupa ngozi safi." Devji akachora kidogo na kalamu, akaenda kumalizia kwao.

Picha ikaletwa. Ilikuwa nzuri, sitawadanganya. Kilima iko nyuma, ziwa inaonekana kwa mbali, na ule ua wetu wa ojuok, ile miti ya maziwa tunazungushia boma, uko kijani mpaka unataka kuugusa. Nikatafuta nyumba yangu. Nikatafuta tena.

Sasa mtu ambaye si Mjaluo aelewe hapa. Kwetu nyumba haijengwi tu pale mtu anapenda. Bibi wa kwanza, tunamwita mikayi, nyumba yake inakaa katikati, inatazama lango. Bibi wa pili anakaa kando. Mgeni akiingia tu anajua nani ni nani, hana haja ya kuuliza. Mimi ndio mikayi. Na kwa picha, pale katikati, alikuwa amekaa nyieka wangu, mke mwenzangu, Nyar Gwassi! Nyumba yake ya nyasi imechanwa vizuri kama kichwa ya bibi harusi. Na yangu? Nyuma ya ojuok. Kona ya ukuta tu inachungulia. Mabati hakuna.

Mabati yangu, yawa! Hapa kwetu hakuna mwanamke alikuwa ameweka mabati mbele yangu. Nililima njugu msimu baada ya msimu, nikabeba hizo mabati kwa kichwa kutoka sokoni, upepo ukinivuta kama tanga. Halafu mtu anakuja na kibrashi anaing'oa bila hata nyundo!

Nyar Gwassi alifurahi mpaka akaja na kiti kuitazama. "Mikayi," akaniambia, "kumbe siku hizi unalala ndani ya ua kama sungura?"

"Cheka tu," nikamwambia. "Jino halitozwi kodi."

Mzee akaniita mama ya Atieno, kwa Kijaluo, "Min Atieno, hiyo ni picha tu."

Ati picha tu! Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kuleta ng'ombe ya binti yangu, Atieno. Na Mzee alikuwa amesema picha itundikwe pale wakwe watakaa. Na wakwe wanakaa wapi? Kwa nyumba ya mama ya msichana. Kwangu! Yaani niwapikie kuku ndani ya nyumba yangu, chini ya picha inayosema nyumba yangu haiko. Waende kwao waseme Atieno ni mtoto wa nyumba ya kando. Neno kama hiyo inamfuata msichana mpaka anakuwa nyanya.

"Naenda Homa Bay," nikasema.

"Kufanya nini?"

"Kurudisha nyumba."

"Na usiporudi kabla ya Jumamosi, nani atapikia wakwe?"

"Yule wa katikati apike."

Jumatano asubuhi nikafunga picha kwa shuka, nikaiweka kichwani, nikatoka. Sokoni nikapata lori ya pamba inaenda Homa Bay. Dereva alinitazama akasema, "Mama, hiyo mlango unaupeleka wapi?"

"Si mlango. Ni boma yangu."

"Boma yote? Na ng'ombe ndani?"

"Ng'ombe wako malishoni. Fungua, nipande."

Nikapanda juu ya magunia. Njia ile ilikuwa inapita pembeni ya bonde la Lambwe, na zamani Lambwe ilikuwa ya mbung'o, wale nzi wanaoua ng'ombe na kulaza watu. Majani mrefu, nyumba hakuna. Watu walikuwa wamehama wakaachia nzi nchi. Nikasema moyoni, hawa walitolewa na nzi. Mimi sitatolewa na brashi.

Mchana tukafika Homa Bay. Kile kilima chao, Asego, kimesimama juu ya mji kama chungu kimepinduliwa. Duka ya ngozi nikaijua kwa harufu. Devji alikuwa nyuma, kwa chumba ndogo, picha zimejaa ukutani: ziwa, kilima, ziwa, kilima, na nyumba ya nyasi kila mahali. Mtu hakuna hata mmoja.

Kiswahili chake kilikuwa kibovu na changu kilikuwa kibovu zaidi, kwa hivyo tulielewana vizuri sana.

"Mama nataka nini?"

"Nataka nyumba yangu." Nikafungua shuka, nikaweka kidole pale kwa ua. "Mimi nakaa hapa? Mimi ni panya?"

Akatazama. "Ah. Ile ya mabati. Mabati mbaya kwa picha, mama. Mabati naharibu yote. Mtu natazama, jicho yote nakwenda pale."

"Basi iende! Hata mgeni akiingia lango jicho yake inaenda pale. Ndio maana niliiweka."

"Mzungu napenda nyasi."

"Mimi ni Mzungu? Bendera hamkuiona? Hii picha ni ya Mjaluo, na Mjaluo ana mabati."

Akasema picha imekwisha, imekauka. Akarudi kwa brashi yake kama mimi nimetoka. Sikutoka. Nilienda mpaka baraza ya duka, nikaweka picha kwa ukuta, inatazama barabara, nikaketi kando yake, nikanyoosha miguu. Kila mtu aliyekuja kununua sukari nikamwambia, "Simama kwanza. Unaona hii boma? Tafuta nyumba ya mikayi." Wajaluo wakatazama, wakashika mdomo. "Yawa, mikayi alikufa?" Mmoja akauliza, "Alifukuzwa?" Nikawaambia, "Aliyefanya hivi yuko hapo ndani, mumuulize." Wengine wakaingia wakamuuliza!

Mama yake Devji akatoka, mzee kabisa, amejifunika kitambaa nyeupe. Akaniletea chai ya maziwa na tangawizi. Akaketi kando yangu, akatazama picha, akaninyooshea kidole, akaniuliza, "Veve bibi ya kwanza?"

"Ya kwanza, mama."

Akageuka kwa mlango akasema kitu kwa lugha yao, maneno mrefu, hakupumzika. Sikuelewa hata neno moja, lakini nilijua imesemwa vizuri.

Jioni Devji akaja kuketi na sisi. Alikuwa amechoka na kuulizwa. Lakini hakuwa na hasira, na hiyo ilinishangaza. Akasema, "Mama, mimi naandika picha tangu mtoto. Ndugu yangu nasema mimi nacheza. Mzungu nakuja, nasema nzuri sana, nafunga, nakwenda. Hapana mtu hata moja gombana na mimi kwa sababu ya picha. Veve ya kwanza."

"Na sijamaliza," nikamwambia.

Akacheka. "Kesho asubuhi."

Usiku nililala kwa stoo, juu ya magunia, pamoja na yule mama. Sisi wawili tulikoroma lugha moja.

Alhamisi akaanza. Akakwangua ile nyumba ya katikati na kisu ndogo, akasugua na dawa kali. Nikamwambia, "Usimtupe Nyar Gwassi. Muweke kando, mahali yake, mlango wazi, moshi utoke. Mimi siibi mahali ya mtu." Akamweka. Halafu akanipa mimi katikati, akaniwekea mabati ya majivu.

"Hiyo ni mabati ya mvua," nikasema. "Yangu ni ya saa sita."

Akaongeza nyeupe.

"Bado. Ukiitazama saa sita unafunga jicho moja."

Aliongeza nyeupe, na blu kidogo ya mbinguni, na manjano kama unga ya mahindi. Alikuwa ananung'unika, jasho inatoka. Akarudi nyuma kutazama, akafunga jicho moja.

"Mama, hii naumiza macho."

"Ndiyo hiyo!"

Akafungua lile jicho, akatazama tena. Ile kilima nyuma, unajua, ilikuwa imeamka. Ziwa ilikuwa imeamka. Akachovya brashi aandike jina lake chini, herufi moja tu, ndogo kama mdudu. Nikamuuliza mbona ndogo hivyo. Akasema watu hapana uliza. Nikamwambia, "Mimi nimeuliza. Umerudisha jina yangu, andika yako yote." Mimi sijui kusoma, shule niliiona kwa dirisha tu, lakini nilihakikisha mstari ni mrefu.

Kumbe shida ilikuwa bado. Nilipotaka kuibeba akapiga kelele. "Hapana gusa! Hii rangi nakauka wiki nyingi!"

"Wakwe wanakuja Jumamosi."

"Basi beba kama mtoto ya jana." Akapigilia mbao pembeni, akatengeneza kama sanduku, ili kifuniko isiguse rangi.

Ijumaa nikapanda lori ya kurudi, imebeba chumvi. Lori ya pamba nilikataa, ile manyoya ya pamba ingeshika na boma yangu iote mvi. Nikaweka sanduku kwa mapaja. Kila shimo ya barabara niliinua mikono, watu kwa lori wakaniuliza kama naomba.

Kwa kizuizi cha Lambwe tukasimamishwa. Askari wa mbung'o alikuwa na neti na bomba ya dawa mgongoni, wanapuliza kila kitu nzi asipande gari akasafiri. Wakapuliza magurudumu, chumvi, hata kuku ya mtu. Akafika kwangu.

"Mama, fungua hiyo sanduku. Nzi anapenda giza."

Nikafungua kidogo. Akainua bomba.

"Hapana!" Nikasimama. "Dawa haiingii hapa. Rangi mbichi."

"Ni sheria, mama."

"Sheria ya nani? Sheria ni mbung'o asipite. Tazama. Umeona mbung'o? Umeona boma."

"Mkubwa wangu ataniuliza."

"Basi nipulize mimi. Nipulize mara mbili, moja yangu, moja ya picha, hesabu itoshe. Lakini ukipuliza hii nyumba, leo utalala bila bomba!"

Watu walicheka mpaka dereva akashuka kuona. Na yule askari, kweli, akanipuliza! Nilinuka dawa mpaka kesho. Halafu akainama kutazama ndani ya sanduku, akakunja uso.

"Hii mabati inang'aa hivi ni ya nani?"

"Yangu."

"Yako wewe? Si ya mzee?"

"Mzee wangu ana ngozi. Mabati ni yangu."

Akafungua kizuizi mwenyewe.

Jioni nikafika nyumbani. Mzee alikuwa langoni, alikuwa amesimama hapo muda, niliona nyasi imekanyagwa. Alitazama picha, akatazama mabati yenyewe, jua ikishuka. Alisema tu, "Unanuka nini?"

"Sheria," nikamwambia.

Jumamosi wakwe wakaja. Picha iko ukutani, juu kidogo, na nilikuwa nimemwambia kila mtu asiiguse. Baba mdogo wa kijana, mtu mrefu wa maneno machache, hakuketi. Akatazama picha. Akatoka nje mpaka langoni, akatazama nyumba. Akarudi ndani. "Ni yenyewe," akawaambia wenzake. "Tumekaa kwa mikayi." Halafu, kabla sijafungua mdomo, akaweka kidole gumba juu ya mabati kuona kama ni moto!

Ikabaki na alama ya gumba juu ya paa. Na yeye akala kuku yangu na kidole inang'aa, aibu imemshika mpaka akaongeza ng'ombe moja juu ya zile walizotaja. Sikumrudishia.

Wakwe walipoenda, Nyar Gwassi akaingia na kibatari. Nilingoja matusi, nikajipanga. Alitazama nyumba yake kule kando, mlango wazi, moshi unatoka. Akainua kibatari juu.

"Min Atieno," akasema, "na dero yangu iko wapi?"

Dero ni ghala ya mtama. Yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, mikono yake ilijenga. Nikatazama. Kweli, haikuwako. Nilifikiria nyumba, dero sikufikiria.

"Lori ya Homa Bay inapita lini?" akauliza.

"Jumatano. Ya pamba uende nayo, lakini kurudi usiipande, panda ya chumvi. Atakuambia imekwisha, usisikie. Keti kwa baraza, unyooshe miguu, uulize kila mtu kwa sauti. Yule mama mzee akikupa chai, kunywa yote."

"Na askari wa mbung'o?"

"Huyo mwambie akupulize wewe."