Msalaba Wenye Jina Langu

Nina kaburi, na niko mzima. Liko hapahapa Likasi, mstari wa nane kutoka mlangoni, na msalaba wake wa chuma una majina yangu yote mawili na siku niliyozaliwa. Aliyelala ndani yake ni kaka yangu.

Kwetu kaka mkubwa tunamwita yaya. Alikufa Lubumbashi alikokuwa karani, wakamleta kwetu, mtaa wa Shituru hapa Likasi, kwenye nyumba ya kampuni ya madini tulimozaliwa, tumlilie hapo. Na nilimlilia vizuri, hilo nataka lijulikane. Siku mbili nilikuwa chini kwenye mkeka, sauti ikaisha, kwa sababu kila Noeli yaya alinitumia kitenge, na majirani walisema hakuna dada anayependwa kama mimi.

Siku ya kuzika, katekista akasimama kusoma maisha ya marehemu, kama inavyofanyika. Akaanza na jina. Mimi nikadhani ananiita. Nikainua mkono kabisa, kama mtoto wa shule: "Niko hapa!"

Wanawake wakanishika. Mmoja akasema, "Tulia, mama, ni huzuni inakusumbua." Mwingine nyuma yangu akacheka kidogo, puani.

Katekista akaendelea. Alizaliwa siku fulani, mwezi fulani, mwaka fulani. Siku yangu, mwezi wangu, mwaka wangu. Sisi si mapacha. Yaya alinipita miaka miwili. Akasoma tena: alimaliza darasa la sita hapa Shituru, akiwa wa kwanza kwa wote.

Yaya? Yaya aliyerudia la tano mara mbili mpaka nikamkuta, tukakaa benchi moja?

Machozi yalikauka palepale. Niligeuka nikaona msalaba umeegemezwa ukutani, rangi bado mbichi. Nikasogea kwa magoti, nikaufuata kwa kidole herufi kwa herufi. Kusoma najua. Miaka sita nilipewa, na nilivyopewa sijavisahau.

Mama yangu bado yuko. Ni mzee, lakini masikio anayo. Nilirudi nikakaa karibu naye.

"Mama, jina ile ya pa musalaba ni ya nani?"

"Nyamaza. Bantu banasikia."

"Mama. Ni ya nani?"

Alivuta kitenge akafunika mdomo. "Ni ya weye."

"Na minye nilianguka darasa la sita, ama sikuanguka?"

"Haukuanguka, mwanangu. Baba yako na direkta balipatana. Ile kuku, unakumbuka?"

Ile kuku. Ninaikumbuka, kwa sababu mimi ndiye niliyeinyonyoa.

Ilikuwa kabla ya kutangazwa matokeo. Direkta wa shule yetu alikuja nyumbani kula, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na mimi nilijivuna. Nilichemsha maji, nikanyonyoa kuku, nikabeba beseni nikamnawisha mikono. Akaniuliza, "Weye mutoto, unapenda masomo?" Nikasema, "Sana, direkta." Akamwangalia baba, baba akaangalia sahani yake. Mama alikuwa mlangoni ameshika bukari, yaani ugali, alisikia yote. Halafu wakala.

Kesho yake walipotangaza matokeo uwanjani, mimi sikuwepo. Baba alinituma asubuhi kumpelekea shangazi unga, upande wa Kamatanda, mwendo mrefu wa kwenda na kurudi kwa miguu. Niliporudi, yaya alikuwa amekaa mbele ya nyumba, kichwa kizima cheupe. Kwetu mtoto akipita mtihani, watu wanammwagia poda kichwani, tena nyingi, mpaka kope zinakuwa nyeupe. Kopo la poda lilikuwa chini miguuni mwake, tupu.

"Na minye?" nikauliza.

Yaya akainamia lile kopo. Baba ndiye aliyejibu: "Weye ulianguka. Kichwa ya mwanamuke ni ya kubebea muzigo, minye nilisema tangu zamani."

Waliokuwa pale wakacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa haya.

Sasa kama unajiuliza mvulana anaingiaje sekondari kwa cheti cha msichana, ni rahisi. Wakati ule serikali ilikataza majina ya kizungu kwenye karatasi. Tulibaki na majina ya mababu, na jina la babu halisemi kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Cheti hakikuwa na picha. Direkta alimpa baba cheti changu, baba akampa yaya, yaya akaenda kulala kwa misheni ya Mulungwishi, akasoma huko, akapata diploma, akapata kazi, akaoa. Nyumbani tuliendelea kumwita yaya. Mke wake alipoona mimi na mume wake tuna jina moja, aliambiwa wote wawili tulipewa la babu.

Nawataja basi. Baba yangu. Direkta wa shule, aliyekula kuku na kufuta mikono kwa taulo niliyomshikia. Yaya, aliyekuwa na miaka kumi na minne, na nilimsamehe ile miaka kumi na minne, lakini alifika hamsini na kitu, na Noeli zote zile alijua kutuma kitenge, neno moja hakujua kulituma. Mama yangu, ambaye bado namwogeshea mgongo. Wote walijua. Mjinga alikuwa mmoja.

Kwa sababu niliamini. Hiyo ndiyo inayonichoma kuliko shule yenyewe. Niliamini kwamba kichwa changu hakishiki. Nilipopewa mume nikiwa na miaka kumi na sita, nilisema sawa, mtu wa kichwa changu ataenda wapi? Kampuni ilipoacha kulipa wanaume wetu, nilikwenda Kamatanda kuosha mawe ya shaba, maji mpaka kiunoni, wanawake wengine wana mimba, wengine wana watoto mgongoni. Ukingo wa shimo ulipoanguka tulikuwa wanawake watano chini yake. Tulitolewa wawili. Vidole viwili vya mkono wa kulia havijakunjika tangu siku hiyo. Na hata pale, nikiwa nimelala nimefungwa kitambaa, nilisema: ni mahali pangu, ningelisoma nisingelikuwa hapa, lakini mimi nilianguka.

Na binti yangu wa kwanza alipoleta matokeo mabaya ya darasa la nne, sikwenda shuleni kuuliza. Nilimwambia, "Wacha tu. Kwetu banamuke hatuna kichwa ya masomo." Akaacha. Leo anauza makala, yaani mkaa, barabarani. Kwa hiyo kwenye orodha ya wakosaji niweke na mimi.

Nirudi kwenye kilio. Nilisimama. Nilisema kwa sauti, "Huu musalaba hauendi. Ni jina yangu. Minye sijafa."

Baba mdogo, ndugu wa baba yetu, mwenye kuongoza kilio, alinivuta mpaka nyuma ya nyumba. Mke wa yaya akatufuata, na mtoto wake wa mwisho akamshika nguo, msichana wa miaka kumi na miwili.

"Una wazimu?" baba mdogo akasema. "Unataka bantu ba kazi yake basikie? Karatasi zote za kazi ziko na ile jina. Ukisema si yake, mujane hapate kitu."

"Na minye nilipata nini?"

"Weye ulizoea." Alisema hivyo kweli. "Hata huyu mutoto, tunamutoa ku masomo. Baba yake hayuko tena. Ataenda kusaidia kazi kwa muke wangu."

Mtoto alimwangalia. Hakulia. Alinigeukia mimi, shangazi yake, akauliza polepole, "Tanti, kama unakamata jina yako, minye nitaanguka?"

Sijui alielewa kiasi gani. Mimi nilielewa yote. Nikirudisha jina langu, pesa za marehemu hazitoki, na wa kwanza kutolewa shuleni ni huyu. Nikinyamaza, nazikwa. Baba alikuwa kaburini miaka mingi, na bado alikuwa amenikaba.

Nikamwambia baba mdogo: "Mupande musalaba. Sitasema kwa bantu ba kazi. Lakini huyu mutoto ni wangu tangu leo. Siku unamutoa ku masomo, minye naenda kule ofisini na karata yangu ya kura, nawaonyesha muntu mwenye mulizika."

Kwetu karata hiyo ndiyo kitambulisho, ina jina na picha. Alicheka. Halafu akaona uso wangu, akaacha kucheka.

Mke wa yaya alinishika ule mkono mbaya, akaushika muda mrefu.

Tulizika jina langu mchana. Nilitupa udongo kama wengine.

Shule ilipofunguliwa, nilimpeleka mtoto mimi mwenyewe kumwandikisha darasa la kwanza la sekondari. Mtihani wa la sita alikuwa amepita. Matokeo nilikwenda kuyasikiliza kwa masikio yangu, nimesimama mbele, na poda nilinunua makopo mawili. Sekretari akanipa fomu. Pa jina la baba, niliandika, na kando yake: marehemu. Pa jina la anayemlea, niliandika. Vidole vyangu viwili vimesimama, kwa hiyo ilinichukua muda.

Sekretari alisoma akakunja uso. "Mama, umekosa. Umeandika jina ya marehemu mara mbili."

"Sikukosa."

"Lakini huyu alikufa."

"Moja alikufa," nikasema. "Mwingine iko mbele yako. Piga kachapa, mutoto aingie."

Aliniangalia, akaangalia karata yangu ya kura, akaangalia fomu tena. Akapiga mhuri. Mtoto akaingia.